Dawa ya Baba na Kikombe cha Maziwa

Huko Machame asubuhi huanza na majani ya ng'ombe. Eunike alikuwa anayakata aliposikia ndoo ikianguka bandani. Alikimbia. Baba yake, Mzee Elifuraha, alikuwa kwenye kigoda, mkono wa kulia unatetemeka, maziwa yanatiririka chini.

"Kanipiga teke tena," alisema. "Ng'ombe niliyemlea tangu ndama! Muuzeni. Na vile vidonge vitupeni."

"Hatuuzi, baba. Na vidonge hatutupi."

Hospitali walishawaambia ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili. Lakini njiani watu walinong'ona kwamba Elifuraha, mzee wa kanisa, ameanza kunywa mbege, pombe ya ndizi. Eunike aliumia. Kila alipompa baba kidonge, alimpa na kikombe kikubwa cha maziwa ya moto. Kwao, huko ndiko kumtunza mtu. Bado mkono ulitetemeka.

Akaenda kwa jirani yao, nesi Magreth, akamkuta anamenya ndizi za supu ya mtori.

"Dada, marehemu mama alikuwa anapimwa sukari kwa tone la damu. Hakuna kimashine kama kile, kipime ubongo wa baba?"

"Umeuliza vizuri. Ubongo una kemikali inaitwa dopamini. Inausaidia mwili kutembea na kushika vitu. Kwa baba imepungua, kidonge kinaiongeza. Sasa kile kimashine cha sukari, damu ikigusa kijiti chake, unapita umeme mdogo sana, namba inatokea. Watafiti wanatengeneza vya kupima dopamini kwa njia inayofanana na hiyo, ila bado viko maabara. Ukikutana na mtu sokoni Himo, anakushikisha kidude eti kinasoma ubongo, mwache na chake!"

"Basi mimi nipime na nini?"

"Na macho yako. Angalia mkono unatulia lini."

Eunike akaangalia. Wiki ile ng'ombe aliugua kiwele, akachomwa sindano, maziwa yakawa ya kumwaga mpaka dawa imtoke mwilini. Baba akameza dawa kwa maji matupu, huku ananung'unika. Haikupita muda akafunga vifungo vya shati mwenyewe. Maziwa yaliporudi kikombeni, mtetemo nao ukarudi.

Eunike hakungoja. Alirudi kwa nesi mbio, akamweleza alichokiona.

"Umeshakamata!" Magreth alipiga makofi. "Maziwa, nyama, maharage, vyote vina protini. Vikiingia pamoja na dawa hii vinagombania njia, dawa inachelewa kufika kichwani. Ameze kwa maji, nusu saa kabla ya kula. Maziwa asiache, anywe baadaye. Na kiasi cha dawa msibadilishe bila daktari."

Eunike alipomwambia baba, mzee alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe mwanangu ulikuwa unaninyima dawa kwa upendo!"

"Nimekoma, baba. Maji yako haya."

Ugonjwa haukuisha. Jioni mkono bado ulitetemeka. Lakini asubuhi moja, Eunike akiwa kwenye majani, alisikia maziwa yakipiga ndoo, chwaa, chwaa, bila kukatika. Hakwenda kuchungulia. Aliendelea kukata.

"Eunike!" baba aliita kutoka bandani. "Leta ndoo nyingine, hii imejaa!"