Mapigo Manne ya Bi Nuala

Haroun hukiri mwenyewe kwamba siku ile mjinga alikuwa yeye, tena mara mbili. Mara ya kwanza ni kamba aliyoiacha ikiburuta nyuma ya boti: ilijisokota kwenye rafadha, mashine ikakohoa, ikanyamaza. Hapo hapo ukungu ukashuka, mzito na wa baridi, hata pua ya boti isionekane.

Walikuwa watatu. Haroun, dereva wa basi wa Erdington, mtaa wa Birmingham, na mpiga fidla. Dada yake, Mwanamize. Na Bi Nuala wa Kingstanding, aliyewafundisha muziki wa Ayalandi. Walikuwa wakienda kwenye kisiwa cha Ayalandi alikozaliwa bibi huyo, ambacho sasa hakikaliwi na mtu, warekodi wimbo wa wavuvi wa kwao. Kati ya watu wa kisiwa hicho, aliyebaki akiujua ni yeye peke yake, naye alikuwa amemfundisha Haroun.

Mwanamize alimfunga Bi Nuala kifundo cha mkono kilichoteguka boti ilipoyumba. "Maji yamebaki chupa moja," alisema.

"Kisiwa kiko upande gani, dada?"

"Waniuliza mie? Si wewe unayejisifu kona zote za Birmingham unazijua?"

"Nyamazeni," alisema Bi Nuala. "Sikilizeni."

Kushoto kwao sili, wale wanyama wa bahari walalao maweni, walikuwa wakibweka.

"Hilo jiwe lao. Baba alianzia hapo kila ukungu ukimkuta. Kila pigo la wimbo, kasia moja. Sehemu ya kwanza ikiisha, pinda kulia. Ya pili ikiisha, umefika gatini. Imba wewe Haroun, yangu sauti imekauka."

Wakasogea hadi kwenye jiwe la sili. Hapo Haroun akaimba, yeye na dada yake wakavuta makasia. Sehemu ya kwanza ilipoisha, wakapinda kulia. Mbao zikalia juu ya mwamba, maji yakaingia hadi vifundoni. Mwanamize akausukuma mwamba kwa kasia, Haroun akaibwaga fidla sakafuni na kuchota maji kwa kisanduku chake.

Bi Nuala alimtazama. "Umeimba wako. Imba wa baba."

Uso ukamshuka Haroun. Kule ukumbini Erdington walikozoea kupiga muziki, wimbo ulikuwa ukichechemea mwisho wa sehemu ya kwanza, watu wanakosea kupiga makofi. Akaukata mapigo manne, akajiona fundi; na leo, ujinga wa pili, ameuimba hivyo hivyo.

Wakarudi kwa sili, wakifuata kelele zao. Viganja vilishachubuka, mipini inateleza kwa damu. Akaimba upya. Pale alipozoea kukata, akavuta: moja, mbili, tatu, nne. Mawimbi yakapasuka kuliani, karibu mno, kisha yakabaki nyuma. Wakapinda. Bahari ikatulia chini yao, na ubeti wa mwisho ulipoisha kasia likagonga ngazi ya mawe. Bi Nuala akaipapasa kwa mkono mzima, akalia kidogo, akaomba chai.

Alasiri mvuvi wa kaa akawachukua.

Wiki mbili baadaye walikuwa ukumbini Erdington, Haroun na plasta viganjani, wakirekodi. Amandeep, fundi wa sauti, akavua vidude vya masikioni.

"Hapa katikati pana mapigo manne yanachechemea. Nayakata."

"Hayakatwi," alisema Haroun.

"Kaka, nani atajua? Wimbo utanyooka, vijana wataucheza."

"Nimesema hayakatwi."

"Nipe sababu moja."

Mwanamize alikuwa akimmiminia Bi Nuala chai. Hakugeuka.

"Mwache akate," alisema. "Safari ijayo atakaa yeye mbele, upande wa mwamba."