Kivuli Tumboni mwa Chui

Siku ya chanjo ya mbwa uwanja wa Ukunda ulijaa watu na mabweko, na katikati ya msukumano huo Swabir akamkanyaga mguu Yusra, daktari wa mifugo. Mwanamume huyo alikuwa na shati la kitani lililopigwa pasi, mkononi kamba ya jibwa jekundu lililokuwa likimburuta.

"Samahani, daktari. Huyu Chui hana adabu."

"Chui, au aliyemshika?" Yusra akajibu, akicheka ndani ya mtandio wake wa samawati.

Yakaanzia hapo. Swabir alisimamia nyumba ya wageni kule Diani, na kwa maneno yake, aliishi peke yake na mbwa wa tajiri wake. Hapakupita asubuhi bila simu.

"Nyonda, umekula?"

"Nimekula. Ni wewe tu niliyekukosa."

Aliahidi kuleta posa baada ya Idi. Mamake Yusra alikwisha kuwadokezea majirani.

Ijumaa moja Swabir akapiga simu. "Chui anatapika, laazizi."

"Amemeza kitu? Fikiri vizuri."

"Hapana. Labda samaki aliyeoza."

Yusra akamwamini, akamwambia amnyime chakula, ampe maji kidogokidogo.

Kesho yake Swabir alimleta mbwa kliniki amembeba, macho yamezama, fizi zimekauka. Yusra akampiga picha ya eksirei. Matumbo yalikuwa yamefura hewa, lakini hapakuonekana mfupa wala chuma. Akamnyoa manyoya tumboni, akampaka jeli, akapitisha kifaa cha altrasaundi. Kwenye skrini ukatokea mstari mweupe uliopinda, na chini yake kivuli cheusi.

"Kuna kitu kimekwama. Swabir, amekula nini?"

"Sijui."

"Nitampasua sasa hivi. Lazima nijue natafuta nini, na ni vingapi."

Swabir akainamisha kichwa. "Chuchu ya chupa ya mtoto. Moja. Aliimeza Alhamisi, nami naona."

Mkono wa Yusra ukasimama juu ya tumbo la mbwa. "Mtoto wa nani?"

"Wangu. Mamake anaitwa Mbeyu, anakaa Lunga Lunga. Walikuja kunitembelea."

"Ni mkeo?"

"Ni mke wangu. Nilikuwa nitakwambia, nyonda. Na dini inaruhusu..."

"Dini usiitie hapa. Ungeniambia Alhamisi ile ile, ningemdunga sindano akaitapika. Umemwacha ateseke ili mimi nisijue." Akachukua glavu. "Nenda nje."

Alimpasua bila chozi. Chuchu ikatoka, imegeuka rangi ya chai. Kipande cha utumbo kilikwisha kuwa cheusi, akakikata, akashona. Alilia baadaye, akiosha vyombo, bomba amelifungulia kwa nguvu ili Swabir asimsikie kule barazani.

Siku zilizofuata Swabir alipiga simu zisipokewe mpaka akachoka. Mbwa alipopona, aliyekuja kumchukua ni Mbeyu, amejifunga leso mpya, mtoto kiunoni.

"Salaam alaikum, daktari. Baba Sharif ameona haya kuja mwenyewe, sijui ana nini. Mungu akulipe kwa wema wako."

Yusra akamtazama mtoto. Nyusi zilikuwa za Swabir kabisa. Ingekuwa rahisi kumpa mama huyu dawa, amwelekeze, amuage kwa heri.

"Waalaikum salaam," akasema. Akafunga mlango, akamvutia kiti. "Keti, dada. Kuna jambo linalokuhusu, na mumeo hatakwambia."