Jumapili Kioo Kilipopasuka

Walikutana kwenye foleni ya pilau. Ilikuwa Desemba ya mwaka 2008, Watanzania wanaoishi Marekani wamekodi ukumbi College Park, Maryland, kusherehekea Uhuru, watu wamejaa hadi mlangoni, makoti mikononi, muziki juu. Vaileth alikuwa amevaa gauni la kitenge cha kijani lililomkaa sawasawa kiunoni. Mtu aliyekuwa nyuma yake akammwagia kachumbari begani.

"Samahani sana, dada," yule mtu akasema. "Nilikuwa naangalia gauni, nikasahau sahani."

Vaileth alitaka kukasirika akashindwa. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, suti ya kijivu ikimpwaya mabegani kama ya kuazima, na kweli ilikuwa ya kuazima. Alikiri kabla hawajamaliza kula. Aliitwa Gwakisa, kwao Tukuyu. Aliishi Sterling, upande wa Virginia, akifanya usafi kwenye majengo ya kompyuta karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Vaileth, binti wa Makambako, alikuwa akitunza wazee majumbani mwao, na kwake kulikuwa Takoma Park, Maryland, kwenye fleti aliyochangia na Nyaguthii, Mkenya wa Nyeri.

Kutoka Sterling hadi Takoma Park, kwa mtu asiye na gari, ni safari ya kumaliza siku. Kwa hiyo mapenzi yao yaliishi zaidi kwenye simu. Gwakisa ndiye aliyemnunulia Vaileth simu ya tachi, nyeusi, inayong'aa, akamwambia amechoka kuongea na mtu mwenye simu inayokoroma. Alimpigia wakati wa mapumziko, akamuuliza amekula nini, akamchokoza kwamba Wabena wenzake hawajui kupika ndizi. Vaileth alicheka mpaka mzee aliyekuwa akimtunza akauliza kuna nini.

Lakini Gwakisa alikuwa na jambo lililomkaa kooni. Alikuja Marekani kusoma, masomo yakakatika, viza ikaisha. Akitoka, hawezi kurudi tena, pengine kwa miaka mingi sana. Vaileth naye ombi lake la karatasi za ukaazi lilikuwa bado linashughulikiwa, na wakili alimwonya kwamba akivuka mpaka tu, limekufa. Wote wawili walikuwa wamefungiwa ndani ya nchi moja, na hilo, kwa namna fulani, liliwaweka karibu.

Oktoba iliyofuata Gwakisa akamwambia anataka wafunge ndoa. Vaileth akaomba wiki moja ya kufikiri. Wakakubaliana Vaileth atampigia Jumapili baada ya ibada na kumpa jibu. Gwakisa akatania kwamba asipopigiwa atajua amekataliwa. Wote wawili walicheka, ila Gwakisa alicheka kidogo.

Jumapili hiyo Vaileth alirudi kutoka kanisani na jibu lake tayari. Alivua viatu, akafunga kanga juu ya gauni lake la ibada, akaweka maharage jikoni. Simu aliiweka kwenye meza ya jiko, chini ya kabati. Alitaka kwanza kutwanga vitunguu swaumu, atulie, ndipo apige. Akanyoosha mkono kuchukua kinu kilichokuwa juu kabisa ya kabati. Kinu kilikuwa cha mninga, kizito. Kikamponyoka.

Kilitua katikati ya simu. Kioo kilipasuka chote, kuanzia kona hadi kona, na upande mmoja ukawa mweusi kama wino uliomwagika. Alipokigusa, hakikuitika.

Simu ikaanza kulia.

Aliutambua mlio wa Gwakisa. Mwanga ulionekana chini ya nyufa. Alipitisha kidole pale pa kupokelea, akarudia, akakandamiza, mpaka kioo kikamkata kidole na damu ikaingia kwenye nyufa. Simu ikalia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Ilipolia kwa mara nyingine Vaileth alikuwa amekaa sakafuni, ameishika kwa mikono miwili, anaiambia, "Nipo. Nipo hapa, mpenzi."

Nyaguthii, aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku, akatoka na kilemba kichwani. Akajaribu naye. Simu yake mwenyewe ilikuwa ya mtandao mwingine, haina pa kuweka laini ya Vaileth. Akauliza namba ya Gwakisa ni ngapi. Vaileth akafungua mdomo, akagundua hajawahi kuikariri hata tarakimu za mwanzo. Ilikuwa imefungiwa mle ndani.

"Si umwachie tu hadi kesho, fundi aangalie?" Nyaguthii akasema.

"Gwakisa hapigi hivi. Kuna kitu."

Alizima jiko, akavaa koti juu ya kanga, akaondoka. Alipanda treni hadi Rosslyn, akasubiri basi la uwanja wa ndege, akamalizia kwa teksi. Njia nzima simu ilikuwa mfukoni, nayo ilikuwa imeacha kulia.

Mlango wa Sterling ulifunguliwa na Silvanus, aliyekuwa akiishi na Gwakisa. Alimtazama Vaileth kama mtu anayeona asichotarajia.

"Shemeji. Gwakisa ameenda kwako."

Akamketisha ndipo akamwambia. Mama yake Gwakisa amefariki alfajiri. Ndugu wanamsubiri yeye, mtoto wa kwanza, ndipo wazike. Watu wa nyumbani na marafiki wamemtafutia tiketi, ndege ni jioni. Asubuhi nzima alikuwa amekaa kitandani hajui aende au abaki, akimpigia Vaileth. Mwisho akabeba begi, akasema atapita Takoma Park auone uso wake, hata kama ni wa kukataa.

Walimpigia kwa simu ya Silvanus. Gwakisa alikuwa mlangoni kwa Vaileth, na Nyaguthii alikuwa ameshamwonyesha kinu. Hawakuweza kusema mengi. Vaileth alimwambia atamngoja Dulles.

Silvanus alimpeleka kwa gari la jirani. Ukumbi wa kuondokea ulijaa mabegi na watu wanaokumbatiana. Gwakisa alifika akihema, koti jeusi, macho mekundu. Walishikana pale pale.

"Pole, baba," Vaileth akasema. "Pole sana kwa mama."

"Nilidhani umenikataa."

"Nilikuwa nataka kukupigia niseme ndiyo."

Gwakisa akafumba macho. Kisha akamvuta kando, karibu na ukuta.

"Basi niambie nisiende. Sema neno moja tu, Vai, na hili begi tunarudi nalo Sterling. Watazika bila mimi. Wengi wamezikiwa wazazi wao wakiwa huku."

Vaileth alimjua mtu huyu. Alijua kwamba angebaki, wangefunga ndoa, wangecheka, na kwamba kila mara simu kutoka Tukuyu ikilia, angetoka chumbani ili yeye asimwone uso. Alitamani kusema lile neno kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Lilikuwa ulimini.

"Nenda ukamzike mama yako," akasema.

"Nikienda sirudi. Unajua."

"Najua."

Akamfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kama anavyowafunga wazee wake. Gwakisa akambusu paji la uso, akaingia kwenye foleni ya ukaguzi. Aligeuka. Vaileth alimpungia mkono mpaka akamezwa na watu, ndipo akarudi na Silvanus kwenye gari.

Fundi wa Langley Park alibadilisha kioo wiki hiyo hiyo. Gwakisa alipiga kutoka Tukuyu, akasimulia mazishi, mvua iliyonyesha kaburini, wajomba waliokuja. Walipanga Vaileth amfuate karatasi zikitoka. Karatasi hazikutoka mwaka huo wala uliofuata. Simu zikawa fupi, halafu za sikukuu. Kisha Gwakisa akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba baba yake amemwonyesha binti wa jirani, na kwamba hataki alisikie kwa watu.

"Ni mwema?" Vaileth akauliza.

"Ni mwema."

"Haya. Nashukuru umeniambia mwenyewe."



"Mama alizikwa nikiwepo," Gwakisa akasema. "Wewe ndiye uliyenipeleka. Silisahau hilo, Vai."

Mzee alikuwa akimwita kutoka chumba cha pili, anataka kugeuzwa. Vaileth alimtakia Gwakisa usiku mwema ingawa huko kwao kulikuwa kunakucha, akanawa uso, akaenda kumgeuza mzee.