Dumu la Nemayian

Rafiki yangu Nemayian hana tabia ya kumwomba mtu ruhusa. Kwao Handeni ukame umemaliza ng'ombe, kwa hiyo alipokwenda kutazama maporomoko ya maji milimani Kwashemshi, alibeba na dumu. Mama mwenyeji aliyemwongoza akamwonya, "Dada, hapa hatuchoti bila kubisha hodi."

"Maji ni ya Mungu. Nimbishie nani?"

Akachota. Papo hapo ngurumo ya maporomoko ikakatika. Maji yaliendelea kuporomoka mbele ya macho yake, meupe, mengi, lakini kimya kabisa. Yule mama akamsihi ayamwage. Nemayian akakaza kifuniko, akalibeba dumu mgongoni, akashuka nalo.

Hayo alinisimulia jana nyumbani kwake, giza likiingia, tukinywa chai. Dumu lilikuwa kwenye kona, tupu, maji ya mwisho yameishia kwenye birika letu. Ndipo likaanza kunguruma. Kisha mtu akasema kutoka ndani yake, taratibu, "Hodi."

"Sikukaribishi!" Nemayian akafoka. "Toka kwangu!"

Dumu likanyamaza. Hodi ya pili ilitoka kwenye kikombe changu, na nilikuwa nimeshakunywa nusu.