Kitasa Kilichofunguka Chenyewe

Mshonaji alikuwa akitia lastiki kwenye sketi ya shule pale mlango wa mbele ulipolia tik. Akainua macho. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na nje hapakuwa na mtu.

Kitasa cha mlango huo kilikuwa cha kufunguliwa kwa simu. Mumewe, dereva wa lori, alikinunua ili hata akiwa safarini ajue kama nyumba imefungwa. Mshonaji akampigia. Mume akaapa kwamba hakukigusa. Basi mshonaji akafunga tena, akajiambia ni hitilafu ya umeme tu.

Kesho yake alikuwa uani akianika nguo. Aliporudi ndani, alikuta alama ya kiatu chenye matope kwenye kizingiti cha chumba cha mwanawe wa miaka minne. Mtoto alikuwa amekaa kitandani, kimya.

"Mjomba mmoja alichungulia," alisema. "Akafanya hivi." Akaweka kidole mdomoni.

Mshonaji hakusubiri kusikia zaidi. Akambeba mtoto hadi kwa jirani yake, mwanamke fundi wa vitasa ambaye mtaa mzima ulimwita Komeo. Wakatoa taarifa polisi, kisha Komeo akaja na mkoba wake. Alichomeka waya kwenye kitasa, akasoma kwenye kompyuta kwa muda mrefu, uso umekunjamana.

Akaeleza kwamba programu iliyomo ndani ina tundu. Mtu akisimama karibu na mlango, anaweza kukiamuru kitasa kwa simu yake nacho kikatii. Waliokitengeneza waliambiwa miaka mitatu nyuma, wakanyamaza. Na kwa kuwa programu ni siri yao, hakuna fundi mwingine aliyeweza kuliziba.

"Wezi wanalijua," alisema. "Wewe mwenye nyumba ndiye hukujua."

Akashauri kitasa chenye programu huria, ambayo yeyote anaweza kuisoma ilivyoandikwa. Mshonaji akazidi kuogopa. "Dada, si mwizi naye ataisoma?"

"Ataisoma. Mimi najua jinsi vitasa vya mtaa huu vilivyo ndani, lakini funguo zenu sina. Siri iwe kwenye ufunguo, mdogo wangu. Programu ikisomwa na wengi, mmoja akiona tundu atasema, na mwingine ataliziba."

Lakini alimwonya kwamba uwazi peke yake haulindi. Programu huria iliyotelekezwa ni hatari vilevile, na zipo kampuni zinazoficha programu zao lakini huziba matundu upesi. Kabla ya kununua, aulize nani anaitunza, na ilisasishwa lini mara ya mwisho. Wakafunga kitasa kipya, wakaweka namba ndefu ya siri, na komeo la chuma kwa ndani.

Wiki ya tatu ujumbe ukaingia: tundu limeonekana, marekebisho tayari. Mshonaji akasasisha papo hapo.

Siku mbili baadaye, asubuhi, vishindo vya miguu vilisimama mlangoni. Hakuna aliyebisha hodi. Simu ikaandika: jaribio limekataliwa. Ikaandika tena. Na tena. Mshonaji alimkumbatia mtoto, akampigia Komeo kwa kunong'ona, masikio yakisubiri ile tik.

Haikulia.

Komeo na majirani wawili walimkuta mtu ameinamia kitasa, simu mkononi, wakamshikilia hadi polisi walipofika. Mshonaji akafungua, akamtazama usoni. Alikuwa mteja wake. Vipimo vya suruali yake vilikuwa bado mezani.

Usiku ule alikagua mlango mara mbili. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, alimrudisha mtoto akalale peke yake kwenye kitanda chake kidogo.