Shimo Litafunikwa

Asubuhi ya Jumamosi, nyumba ya fundi wa kuchomelea ilinukia chai na pasi ya mkaa. Mama alikuwa anafagia ua. Baba alikwisha kwenda karakanani kwake. Kijana wao wa kwanza alikuwa anapiga pasi fulana ya chama cha vijana. Mkunjo mmoja aliurudia na kuurudia, kana kwamba atakaguliwa na waziri.

Mtaa mzima ulimwita Kiranja. Jina hilo alilipata shuleni, alikokuwa kiranja mkuu. Alipomaliza masomo alirudi nalo nyumbani, akalivaa kila siku.

Bibi yake, mama mzaa baba, alikuwa ameketi mlangoni akimtazama.

"Mume wangu," alisema, "fulana hiyo unaipigia pasi ukazoe tope?"

"Bibi, kiongozi huonekana kabla hajasikika."

"Haya. Basi na tope nalo likikuona litakupisha."

Mama alicheka mpaka ufagio ukamtoka mkononi. Kiranja hakucheka. Alivaa fulana, akaning'iniza filimbi shingoni, akatoka.

Chama hicho kilikuwa chama kizuri. Tusikidharau. Mvua za mwaka uliotangulia ziliingiza maji majumbani, na watoto wengi waliharisha. Ndipo vijana wa mtaa wakakubaliana kujitolea kuuzibua mtaro mkubwa kabla ya mvua nyingine. Hakuna aliyewalipa. Walikuja na makoleo ya nyumbani kwao, wakazoa tope na taka tangu asubuhi.

Penye kona ya bomba la maji, mtaro huo una shimo refu. Maji ya barabara mbili hukutana hapo. Shimo lilikuwa na mfuniko wa zege uliopasuka. Vijana waliuvunja, wakautoa, wakaingia kuzoa tope lililokuwa chini. Mfuniko mpya ulikuwa tayari. Baba yake Kiranja aliuchomelea kwa vyuma vizito, akautoa sadaka kwa mtaa. Ulikuwa umeegemea ukuta wa karakana, ukingoja watu wa kuubeba.

Kiranja hakushika koleo siku hiyo. Alitembea ukingoni mwa mtaro akipuliza filimbi.

"Kiranja," aliita kinyozi, ambaye alikuwa ameacha kibanda chake kimefungwa ili aje kufanya kazi, "hiyo filimbi haina mpini? Tungezolea tope."

Vijana walicheka. Kiranja alipuliza tena.

Jua lilipoanza kuteremka, watu walichoka. Tena kulikuwa na mechi kubwa jioni hiyo, na kijana mmoja aliyeitwa Goli alikuwa amekwisha kunawa miguu. Kiranja aliona wanamponyoka. Alipanda juu ya rundo la tope kavu, akawahutubia.

"Ndugu wanachama, tumefanya kazi ya kihistoria. Iliyobaki ni ndogo sana. Mfuniko utaletwa. Shimo litafunikwa. Alama itawekwa ili watu wajihadhari."

Walipiga makofi. Msichana mmoja hakupiga. Alikuwa mwanafunzi wa ushonaji, na kwa kuwa hakukubali jambo bila kuliuliza, walimwita Swali.

"Utaletwa na nani?" aliuliza.

"Na chama."

"Chama ni nani?"

"Chama ni sisi sote. Au mwenzetu umejitoa?"

Vijana waliangua kicheko.

"Mimi nauliza tu. Na litafunikwa lini?"

"Swali, kila jambo kwako ni mahakama! Limeshasemwa, limekwisha."

Swali alichukua koleo lake. Watu walitawanyika.

Msomaji, yatazame vizuri maneno ya Kiranja. Utaletwa. Litafunikwa. Itawekwa. Ni Kiswahili fasaha. Lakini hakuna hata neno moja lililokuwa na mwenyewe. Kiranja alidhani kinyozi ataleta mfuniko, kwa kuwa ana mkokoteni. Kinyozi alidhani Goli atakwenda, kwa kuwa ana nguvu. Goli alidhani Kiranja ataleta, kwa kuwa mfuniko uko kwa baba yake. Swali alidhani kwamba mtu aliyechekwa hana haki ya kusema tena. Wote walikwenda kwenye mechi, na shimo likabaki wazi.

Mvua haikungoja. Kulipopambazuka, barabara yote ilikuwa imefunikwa na maji ya rangi ya udongo. Juu ya ardhi ngumu na juu ya shimo, rangi ilikuwa moja.

Bibi alichukua mwavuli akatoka. Alikuwa anakwenda kumjulia hali jirani aliyejifungua. Kiranja alikuwa bado amelala, amejifunika gubigubi. Kilichomwamsha ni ukelele wa wanawake waliokuwa bombani.

Alipofika, kinyozi alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, amemkumbatia Bibi. Walimtoa wakamlaza barazani. Hakuwa analia. Mguu wake mmoja ulikuwa umegeukia nje, kama mguu wa mtu mwingine.

Hospitalini walimpiga picha. Daktari alisema nyonga imevunjika.

"Kwa umri wake," aliongeza, "siogopi mfupa peke yake. Naogopa kulala kwake chali muda mrefu. Mapafu hudhoofika."

Baba alifika akiwa bado amevaa aproni ya kazi. Hakupandisha sauti.

"Mfuniko uko wapi?"

"Uko karakanani, Baba."

"Najua uko karakanani. Nimeupita sasa hivi. Nakuuliza kwa nini uko karakanani."

"Tulisema utaletwa."

"Na nani?"

Lilikuwa swali lile lile la jana. Safari hii hapakuwa na mtu wa kucheka. Baba alimtazama kidogo, kisha akaenda kuketi kando ya mama yake.

Nje, penye ukumbi wa hospitali, wanachama walikuwa wameanza kutupiana mpira.

"Wewe ndiye mwenye mkokoteni!"

"Nawe ndiye mwenye mabega kama fahali, ulikuwa wapi?"

"Kwani mimi baba yangu ni fundi?"

Kiranja aliwapita. Alikwenda mbio hadi karakanani katika mvua. Aliuzungushia mfuniko kamba, akavuta. Haukusogea. Alivuta tena, akateleza, akaanguka kifudifudi. Fulana aliyoipigia pasi jana ikawa tope tupu.

"Unafanya nini wewe?"

Alikuwa jirani yao, muuguzi mstaafu. Miaka mingi alisimamia wodi ya wanawake, na mpaka leo mtaa humwita Mama Nesi. Alikuwa njiani kwenda kumtazama Bibi.

"Shikamoo, Mama. Nafunika shimo."

"Marahaba. Peke yako?"

"Kosa ni langu."

"Inuka." Alingoja mpaka akainuka. "Jana ulisema kazi ni ya wote, na haikuwa ya mtu. Leo unasema ni yako peke yako, na mfuniko uko pale pale. Jana kiburi, leo kiburi. Tofauti ni kwamba cha leo kinalia."

Kiranja alifuta uso kwa mkono, tope likazidi.

"Mama, mimi uongozi nauacha."

"Ukiuacha sasa hivi, shimo unamwachia nani? Hebu nisikilize. Wodini, zamu yangu ilipokwisha, sikuwaambia wenzangu kwamba wagonjwa watatazamwa. Nilisimama na mwenzangu kitandani kwa mgonjwa. Nilimwambia, 'Huyu nakukabidhi wewe. Dawa yake hii, saa yake hii.' Naye alijibu, 'Nimempokea.' Kabla sijalisikia neno hilo, sikuvua sare. Mgonjwa hakukaa hata dakika moja bila mwenyewe."

"Na kama mwenzako hawezi?"

"Atasema, 'Sipokei,' na atataja sababu. Hilo nalo ni jibu. Kiongozi anayeliogopa anataka makofi, hataki kazi."

"Na akipokea, asifanye?"

"Ndiyo maana yuko mtu wa tatu, wa kuhakiki. Si kwamba humwamini mwenzako. Mwanadamu husahau. Sasa waite watu wako. Na hiyo filimbi ivue, inakuziba masikio."

Walikutana kwenye kibanda cha kinyozi, wamebanana kwa sababu ya mvua. Kiranja alisimama mbele yao na tope lake.

"Jana sikumtaja mtu," alisema. "Swali aliuliza, nikamfanyia mzaha. Bibi ameanguka kwa sababu hiyo."

"Leo Kiranja amemeza filimbi," alinong'ona mmoja.

"Funga bakuli lako," alisema Goli. "Na sisi tulicheka."

Kijana mwingine alichukua koleo lake. "Mimi simo tena. Chama cha kuvunja wazee miguu sikitaki." Aliondoka, na hakurudi kamwe. Hakuna aliyemzuia, kwa maana hakuwa amesema uongo.

Kiranja aliwageukia waliobaki. "Goli, nakukabidhi shimo. Simama pale mpaka tufike. Mtu asipite."

"Nimepokea."

"Kinyozi, nakukabidhi mkokoteni. Uwe karakanani sasa hivi, pamoja na watu wanne wa kubeba. Wachague wewe."

"Nimepokea. Wewe wa kwanza."

"Swali, wewe utahakiki kama mfuniko umekaa sawasawa."

"Sipokei."

Tangu chama kianze, hakuna mtu aliyewahi kumwambia Kiranja neno hilo.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Mfuniko uliokaa vizuri siujui ukoje. Baba yako anionyeshe kwanza. Akinionyesha, nitapokea."

"Haki yako," alisema Kiranja.

Swali alimfuata fundi hospitalini. Fundi alimweleza kwa maneno machache: kanyaga kila kona kwa uzito wako wote. Kona ikicheza hata kidogo, inua, safisha ukingo, rudisha. Kuonekana umekaa si kukaa.

Walioubeba mfuniko walichubuka mabega. Waliushusha mahali pake, wakashangilia. Swali alikanyaga kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilicheza.

"Inueni."

"Aa, Swali! Inacheza kidogo tu!"

"Inueni."

Kiranja alikuwa wa kwanza kuinama. Waliuinua tena katika mvua. Walikuta kipande cha zege chini ya ukingo, wakakitoa. Safari ya pili haukucheza. Hakuna aliyehutubia.

Bibi alikaa wodini kwa majuma kadhaa. Kiranja alimlisha uji kwa kijiko na kumgeuza ubavu kama Mama Nesi alivyomfundisha.

"Mume wangu," Bibi alimwambia siku moja, sauti ikiwa imebaki nusu, "nasikia shimo mmelifunika."

"Ndiyo, Bibi."

"Mngelifunika na mimi humo ndani. Mngeokoa jeneza."

Kiranja aliinamisha kichwa.

"Cheka basi. Mwenye mguu nimecheka."

Alijaribu. Hakuweza. Bibi alimshika kidole, akalala. Kabla mvua hazijaisha, homa ya mapafu ilimchukua.

Siku ya mazishi, Baba alipokea pole za watu wote. Mwanawe alipomkaribia, alimpa mkono kama alivyompa kila mtu, akatazama pembeni.

Ewe kijana unayesoma, hapa ndipo hadithi nyingi hukupa faraja. Mimi sitakupa. Bibi hakurudi. Lakini kazi ilibaki, na kazi haisubiri machozi yakauke.

Chama kilibadili utaratibu wake. Kila kazi ilipewa kiongozi wake, na kazi iliyofuata ikapewa mwingine. Goli aliongoza ukarabati wa njia ya shule. Kijana wa kike aliyekuwa haongei hata akisalimiwa aliongoza zamu za kuwachotea maji wazee wasio na watu. Siku ya kwanza sauti yake ilitetemeka. Mwezi wa pili alikuwa anamkatalia kinyozi mbele ya watu, na kinyozi anatii. Hawakuzaliwa viongozi. Walikabidhiwa kazi, wakaulizwa habari zake, wakakosea wakasahihishwa. Uongozi hujengwa hivyo.

Uchaguzi ulipofika, Swali alishinda uenyekiti. Kiranja hakugombea. Alipewa kazi ya kukagua mifuniko yote ya mtaro kila mvua inaponyesha. Ni kazi ya kulowa, na haina fulana ya kupigwa pasi.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kubwa kuliko zile za kwanza. Maji yalipita mtaroni usiku na mchana. Hayakuingia nyumbani kwa mtu. Watoto hawakuharisha kama zamani. Mtaa wa pili ulituma vijana wake waje kujifunza, na Swali aliwapokea.

Siku moja mvua ilipokatika, Kiranja alipita karakanani akiwa amelowa chapachapa. Baba alikuwa ameinama juu ya dirisha la chuma. Alizima moto, akapandisha miwani yake ya kazi.

"Mwaka huu kuna aliyeanguka?"

"Hakuna, Baba."

Baba alitazama barabara iliyolowa.

"Vizuri," alisema.

Alishusha miwani, akawasha moto, akaendelea na dirisha lake. Lilikuwa neno la kwanza zuri kumwambia mwanawe tangu mazishi. Kiranja hakusimama kungojea la pili. Ilibaki nusu ya mtaro ambayo alikuwa hajaikagua.