Kiti cha Kumi na Moja

Vumbi la Nane Nane pale Mbeya lilikuwa limeshamkaba kila mtu koo siku Evarista alipojitupa kwenye kiti cha watu bila hodi. Alivaa sweta la kijani, sketi ya drafti na viatu vya mchuchumio ambavyo mtu mwenye akili zake havai kwenye maonyesho ya wakulima. Alivua kimoja, akasugua kisigino, akashusha pumzi.

"Dada, hicho kiti ni cha maonyesho," alisema mwenye banda, kijana mrefu mwenye unga wa mbao hadi kwenye nyusi.

"Nimeshakaa. Nionyeshe hivi hivi."

Ipyana akacheka. Alikuwa fundi seremala wa Mabatini, hapo hapo Mbeya, na kwa siku nne watu walikuwa wanashikashika viti vyake, wanauliza bei, kisha wanakwenda kula kuku. Huyu alikuwa wa kwanza kukaa.

"Mgongo umeacha kuuma," dada akashangaa. "Umekifanya nini?"

"Nimekipima kwa mtu. Hivyo vya dukani vinapimwa kwa boksi."

Evarista alikuwa msimamizi wa ofisi ya kampuni moja ya parachichi huko Mlandege, Iringa. Wafanyakazi kumi, kila mmoja kageukia ukuta wake. "Mama yake Sifaeli alilazwa wiki mbili," alisema, sauti ikamshuka. "Sifaeli analia pale pale mezani, sisi tumempa mgongo. Tukaja kujua siku ya msiba. Nitengenezee ofisi ambayo watu wanaonana."

Ipyana alikwenda Iringa mwezi huo huo na futikamba yake. Alimpima kila mtu kutoka unyayo hadi nyuma ya goti, akatengeneza viti kumi, meza za kazi zinazotazamana, na meza moja ndefu ya chakula iliyozungushwa pembe. Hakuna kiti kilichotoka karakana bila yeye mwenyewe kukikalia kwanza. Na kabla vanishi haijakauka, wawili hao walikuwa wameshapendana.

Jumamosi moja Evarista alimfuata Mbeya, kavaa gauni la kitenge cha njano. Akapanda stuli ya Ipyana ya kazini, miguu ikaning'inia.

"Hii ya twiga?"

"Ya kwangu. Shuka, usije ukavunjika kabla sijakutolea mahari!"

Shida ni kwamba ile meza ndefu ilifanya kazi kupita kiasi. Zamani Evarista alikula mchana peke yake, simu sikioni, Ipyana upande wa pili akimlisha maneno matamu. Sasa ilikuwa hivi:

"Mpenzi, umekula?"

"Ndiyo tunakula, baba. Subiri... hahaha! Obeid, acha bwana!"

"Obeid ndiye nani?"

"Ofisa ugani wetu mpya. Mtu wa kwetu Igowole. Nitakupigia, eeh?"

Na kabla simu haijakatika, sauti nzito ya kiume ilipenya: "Eva, nipitishie chumvi."

Eva! Ipyana mwenyewe, na mapenzi yake yote, alikuwa bado anaita jina zima. Alishinda na ile chumvi kifuani siku tatu. Aliipiga mbao randa mpaka ikabaki nyembamba kama chapati. Wivu, ndugu yangu, hauna ruhusa wala likizo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba meza aliichonga kwa mikono yake. Ni yeye aliyewakalisha.

Kisha ujumbe ukaingia: "Fundi wangu, tunahitaji kiti cha kumi na moja. Goti sentimita hamsini na mbili. Kitakaa ubavuni kwangu. Kilete Ijumaa mchana."

Akapiga papo hapo. "Cha nani?"

"Cha mtu mrefu. Ukija utamwona."

"Mrefu mwenye sauti nzito?"

"Akinuna inakuwa nzito, ndiyo." Evarista akacheka, akakata.

Ipyana alikitengeneza. Mkono wa fundi haujui kufanya vibaya hata moyo ukiwa unawaka, kikatoka kiti kizuri kuliko vyote kumi. Alikitazama, akakichukia. Akashika msumeno, akaupunguza mguu mmoja nusu sentimita. Hakukikalia. Kukikalia ingekuwa kukaa mahali pa Obeid.

Ijumaa alipanda basi la alfajiri, kiti kimefungwa turubai kwenye buti. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kuagana.

Saa saba mchana aliwakuta Mlandege wamezunguka meza, Sifaeli akisimulia kitu mpaka anafuta machozi ya kicheko. Evarista aliinuka, gauni la bluu limemkaa sawasawa.

"Kamwene, fundi wangu!" akamsalimia.

"Nimeleta kiti cha mtu wako. Obeid akikalie, mimi nirudi zangu Mbeya. Mimi na wewe tumefika mwisho."

Vijiko vikatulia. Mwisho wa meza, kwenye kiti cha plastiki, mwanamume mfupi mwenye kitambi na pete ya ndoa akainua mkono.

"Mimi?" Ilikuwa sauti ile ile nzito. "Ndugu yangu, nikae hapo juu nipandie ngazi?"

Watu wakaangua kicheko. Evarista hakucheka.

"Kaa wewe, Ipyana."

"Mimi?"

"Nimesema kaa."

Akakaa. Nyayo zikagusa sakafu barabara, mapaja yakatulia, mgongo ukapokelewa. Kinyozi hajinyoi: alikuwa amepima magoti ya watu wote, la kwake hakulijua.

"Siku ile niliyokuja Mbeya nilipima stuli yako kwa mtandio," Evarista alisema. "Ijumaa kila mtu anakaribisha mtu wake hapa. Na Obeid ni jirani wa baba Igowole. Amekubali kuwa mshenga wako. Ndicho tulichokuwa tunachekea, jinsi baba atakavyomhenyesha."

Ipyana akasogea mbele. Kiti kikagonga sakafu: tik. Akarudi nyuma: tik.

"Kinayumba," Evarista akasema.

"Sakafu hiyo," Sifaeli akamtetea.

"Si sakafu." Ipyana aliinamisha kichwa. "Nimeupunguza mguu. Makusudi."

Macho ya Evarista yakajaa. "Ulitaka aanguke? Wewe, uliyenifundisha kwamba kiti hakitakiwi kumuumiza mtu?"

"Sikutaka aanguke. Nilitaka asitulie. Kama mimi."

"Kitengeneze sasa hivi, au ukibebe uende nacho."

Ipyana alikipindua kiti pale pale mbele ya watu, akatoa msumeno begini, akapiga magoti. Mguu uliokatwa haurefuki, kwa hiyo aliipunguza mitatu iliyobaki, mmoja baada ya mwingine, nusu sentimita kila mmoja. Alipomaliza alikuwa ameloa jasho.

"Kimekuwa kifupi kwako," Evarista akasema.

"Magoti yatapanda kidogo."

"Yapande. Ukianza upuuzi wako yakukumbushe."

Evarista akakisogeza kwa mguu wake mpaka ubavuni kwake. Ipyana akakaa, akajaribu kuyumba mbele, nyuma. Kimya. Evarista akampakulia wali wa Madibira na maharage, bila kumtazama.

"Ipyana," akasema baadaye, "nipitishie chumvi."

Chumvi ilikuwa mbele ya Obeid.

"Shemeji," Ipyana akasema, "naomba hiyo chumvi."

Obeid akampa. Naye akampitishia Evarista.